Mkongo ukikatika Msumbiji, simu inagoma Kampala

Jumapili ya Mei 12, 2024, bando lilikuwepo, chaji ilikuwepo na minara ilisimama palepale, lakini kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala watu walibaki wakitazama kiduara kikizunguka kwenye simu. Lawama, kama kawaida, zikaelekezwa kwa kampuni za simu. Kumbe tatizo lilikuwa chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ambako mikongo miwili ya intaneti, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika.

Wengi tunaamini intaneti iko hewani. Kabla ya 2009 ilikuwa hivyo kweli: Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na waliopitia intaneti kafe za miaka ile wanakumbuka walivyolipia dakika huku barua pepe moja ikigoma kufunguka. Mwaka 2009 ikaja SEACOM, na pia TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa. Mwaka uliofuata EASSy ikaanza kazi. Ndani ya mkongo mna nyuzi chache za kioo zinazosafirisha mwanga, na kwenye kina kirefu kitu chote hakizidi unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Humo ndimo zinamopita picha za harusi, miamala ya benki na ubishi wote wa Simba na Yanga.

Pwani yetu imeziona nyaya za baharini tangu zamani. Mwaka 1879, Waingereza wakiwa vitani na Wazulu na habari za vita zikichelewa mno kufika London, waya wa telegrafu ulitandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Mikongo ya leo inafuata karibu njia ileile.

Intaneti yenyewe ina asili yake kwa watu waliowaza sana juu ya mawasiliano kukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paul Baran wa shirika la RAND, Marekani, alitafuta mawasiliano yatakayohimili shambulio la nyuklia. Akapendekeza ujumbe ugawanywe vipande, kila kipande kijitafutie njia, na kikikuta imefungwa kizunguke kwingine. Mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, uliojengwa ili watafiti watumie kompyuta kwa pamoja, ulitumia mbinu ya aina hiyo. Oktoba 29, 1969, mwanafunzi Charley Kline wa chuo kikuu cha UCLA alijaribu kutuma neno LOGIN kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Zikafika L na O, mfumo ukaanguka. Yaani mtandao ulikata tangu ujumbe wa kwanza!

Ila kuzunguka kunataka njia ya pili iwepo. Mwezi ule wa Mei 2024, kampuni zilizokuwa na nafasi kwenye mikongo ya kaskazini zilihamishia mzigo huko. Nako si salama: Februari mwaka huohuo mikongo mitatu ilikatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo, na inaaminika ilikatwa na nanga ya Rubymar, meli iliyoshambuliwa na wapiganaji wa Kihouthi.

Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyoingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, itawafaa sana waishio mbali na miji, lakini setilaiti haziwezi kubeba mzigo wote wa mikongo. Kuna pia 2Africa, mkongo wa kilomita 45,000 uliopangwa kuzunguka bara zima. Vizuri, ingawa nao umepangwa kupita Bahari ya Shamu. Binafsi naona faida kubwa zaidi iko kwenye jambo lisilo na mbwembwe: vituo ambako mitandao ya ndani hubadilishana mawasiliano, kama vile vya Nairobi na Dar es Salaam, na kompyuta za kuhifadhia taarifa hapahapa. Mwanafunzi wa Mwanza anayesoma somo lililohifadhiwa Ulaya anategemea manahodha wa Bahari ya Shamu. Likihifadhiwa Dar es Salaam, linamfikia kwa mkongo wa taifa, unaopita nchi kavu.