Kupima Mnyumbuko wa Daraja kwa Picha

Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliikumba Magole, wilayani Kilosa, yakabomoa nyumba na kuwaacha watu wengi bila makazi. Jirani na hapo, Dumila, Mto Mkundi ulikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma penye daraja. Daraja lililopigwa na maji kiasi hicho huweza kuonekana zima, kumbe boriti zake zimekwisha kudhoofika. Mhandisi atajuaje kabla malori hayajaruhusiwa kupita?

Kipimo cha siku nyingi ni waya mwembamba unaobandikwa juu ya boriti. Boriti ikinyumbuka, waya hurefuka, na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Ni kipimo sahihi sana. Lakini ufa ukianza shubiri moja pembeni, hakina habari nao.

Kamera huona uso mzima. Boriti hupakwa rangi nyeupe, kisha hunyunyiziwa madoa meusi ovyo ovyo. Na uovyo huo ndio siri yenyewe, maana kila kikundi cha madoa huwa na sura yake ya pekee. Picha moja hupigwa daraja likiwa tupu, nyingine likiwa limebeba lori lenye uzito unaojulikana. Kompyuta hukitafuta kila kikundi katika picha zote mbili na kupima kimehama kiasi gani, hata kwa sehemu ndogo ya pikseli moja. Njia hii ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mathalani, madoa mawili yaliyoachana milimita 100 juu ya boriti ya chuma cha pua yameonekana kuachana milimita 100.05. Mnyumbuko, yaani ongezeko la urefu likigawanywa kwa urefu wa awali, ni 0.0005. Ukizidishwa kwa moduli ya Young ya chuma hicho, kadiri ya niutoni 200,000 kwa milimita mraba, mkazo ni niutoni 100 kwa milimita mraba. Chuma huvumilia. Zege likivutwa hupasuka mnyumbuko ukifika kadiri ya 0.0001 tu.

Uso uliopinda huhitaji kamera mbili, mfano wa macho ya binadamu. Kwa njia iliyo jamaa ya hii, picha nyingi za pande mbalimbali ziliwapa wataalamu umbo la nyayo za kale zilizogunduliwa Laetoli mwaka 2015.

Hata hivyo, kamera haioni chini ya tope, na aghalabu mafuriko huangusha daraja kwa kuchimba mchanga kwenye misingi ya nguzo. Hapo mpimaji hulinganisha vichwa vya nguzo katika picha ya kiangazi na ya masika. Kimoja kikiwa kimeinama, hata kwa milimita chache, msingi wake hukaguliwa kabla ya mvua nyingine.