Mivengi: mti wa asili wa kupanda kwenye kona yenye majimaji ya bustani yako

Msikilizaji wa Mpuguso na Rungwe kwa jumla, mvua tunayo kuliko sehemu kubwa ya nchi hii, udongo wetu ni wa volkano, na baridi ya Juni na Julai tumeizoea. Hata hivyo, wapo wanaoona chemchemi ya karibu na nyumbani ikipungua kila kiangazi. Mara nyingi swali la kwanza la kujiuliza ni hili: umepanda nini pale kwenye majimaji?

Makala haya yanaeleza mti mmoja wa asili unaofaa kona hiyo. Majirani zetu wa Iringa na Njombe wanauita mvengi. Wengine husema mzambarau mwitu, na wataalamu wanauita Syzygium cordatum. Ni ndugu wa mzambarau wa kawaida, ila ule mzambarau ulitoka Asia na huu ni wa Afrika. Unaota wenyewe kandokando ya vijito na kwenye ardhi chepechepe, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini.

Utautambuaje?

Angalia jani. Jani la mvengi ni nene, lina rangi ya kijani inayoelekea bluu, na halina kikonyo: sehemu yake ya chini imekaa kama umbo la moyo na kukumbatia tawi. Mzambarau wa kawaida una kikonyo kinachoonekana wazi. Maua ni meupe, yenye nyuzinyuzi nyingi, na nyuki huyapenda sana. Matunda ni madogo, yenye mbegu moja, huanza mekundu na kuiva yakiwa ya zambarau iliyokoza.

Kwa nini usipande mikaratusi hapo?

Mikaratusi, au milingoti, ina faida zake. Inakua haraka, inatoa nguzo na kuni, na wengi wamesomesha watoto kwa miti hiyo. Tatizo ni mahali inapopandwa. Inakunywa maji mengi mwaka mzima, na mizizi yake huyafuata chini kabisa.

Afrika Kusini walilipima jambo hili. Mahali panapoitwa Mokobulaan, mikaratusi ilipandwa mwaka 1969 kwenye bonde dogo lenye kijito. Katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, lakini maji hayakurudi siku hiyo. Ilipita miaka mitano mingine ndipo kijito kikaanza tena kutiririka mwaka mzima.

Kwa hiyo anayesema "nitaikata chemchemi ikianza kupungua" ajue kwamba anaweza kusubiri maji kwa miaka. Panda mikaratusi yako mbali, kwenye ardhi kavu. Penye majimaji waachie mivengi.

Kuotesha mbegu

Hapa ndipo wengi hukwama. Mbegu ya mvengi haitunziki. Ukiianika na kuiweka kwenye kopo kama mahindi, inakufa. Fanya hivi:

1. Usisubiri tarehe, subiri mti. Matunda yakishakuwa ya zambarau na kuanza kudondoka, okota yaliyo mazima.
2. Menya au sugua nyama ya tunda kwenye maji, osha mbegu, na uzipande siku hiyo hiyo au kesho yake.
3. Changanya udongo wa juu sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Jaza kwenye viriba.
4. Fukia mbegu kidogo tu, usiizamishe. Weka kivuli cha nyasi au majani ya migomba, na udongo usikauke.
5. Miche ikichipua, punguza kivuli polepole ili izoee jua.

Kwa wanaoishi juu zaidi, kuelekea Kitulo ambako jalidi huunguza majani alfajiri, funika miche michanga kwa nyasi wakati wa usiku. Mti ukishakomaa unavumilia baridi, lakini mche mchanga huungua.

Kuupanda shambani

Miche ikifika kama sentimita 30, ipande mvua za Novemba au Desemba zinapoanza. Acha nafasi ya mita nne hadi tano kati ya mti na mti. Usipande karibu na ukuta wa nyumba wala bomba la maji, kwa sababu mti huu unaweza kufika mita 15. Palilia kuuzunguka na uzuie mbuzi na ng'ombe. Ukiwa na ng'ombe wa bandani, samadi unayo tayari.

Usitarajie matunda mwaka wa kwanza wala wa pili. Huu ni mti wa subira.

Faida za nyumbani

Matunda yaliyoiva huliwa mabichi, yana uchachu kidogo. Ukiyapata mengi, yachemshe kwa maji kidogo, chuja, kisha pima: kikombe cha maji ya tunda kwa kikombe cha sukari. Chemsha tena hadi yawe mazito, unapata jemu. Mwenye mizinga naye atanufaika na maua. Mengine waachie ndege. Ndio wanaosambaza mbegu.

Kuna la kuangalia: magome. Watu huyatumia kama dawa ya tumbo. Ukibandua gome kuzunguka shina lote, mti unakufa. Unga wa magome hayo pia umetumiwa kulewesha samaki, kwa hiyo usiutupe kijitoni. Na mtoto mwenye kuhara apelekwe zahanati.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kama kijito kinapita shambani kwako, zungumza kwanza na ofisa misitu au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa kabla ya kulima au kupanda hapo. Maji ya Kiwira na Mbaka yanashuka hadi Ziwa Nyasa, na wa chini wanakunywa tunachowaachia sisi wa juu.

Mwaka huu, ukikutana na mvengi wenye matunda yaliyoiva, usipite tu. Okota mbegu kumi, na uzipande kabla hujalala.