Tusinakili tarakimu za mashine ya jirani

Siku tulipoiwasha mashine yetu mara ya kwanza, meza yake ilitetemeka kama mgonjwa wa homa, ikavuma, kisha kikatio kikavunjika na kipande chake kikaruka hadi kwenye mabati ya banda. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Kosa lilikuwa langu, mimi mwalimu.

Ilikuwa mashine kuukuu ya kuchonga chuma, ya kuzungushwa kwa mkono, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutupwa. Mimi na wanafunzi wachache tuliyang'oa magurudumu yake, na mahali pake tukafunga mota tatu zinazoamrishwa na tarakilishi. Wapo watakaoidharau kazi hiyo kuwa ni ufundi wa maskini. Nawakumbusha kwamba mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa tarakimu na kuonyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, nayo ilikuwa mashine ya kawaida, Cincinnati Hydro-Tel, iliyogeuzwa.

Je, nilikosea wapi? Kila mota ina kifaa kinachohesabu mzunguko wake na kuipasha tarakilishi habari. Chetu huhesabu hatua 2,000 kwa kila mzunguko, na kwa kuwa skrubu ya gololi husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko huo, hatua moja ni milimita 0.0025. Tarakilishi hulinganisha mahali meza inapotakiwa kuwa na mahali ilipo. Tofauti hiyo ndiyo kosa, na mota huamriwa ilipunguze. Ukali wa amri huamuliwa na tarakimu tatu, ambazo mimi nilizinakili zilivyo kutoka kwa mashine ya rafiki yangu, yenye meza nzito zaidi na mota zisizofanana na zetu.

Mwanafunzi mmoja aliokota kipande kile akaniuliza, "Mwalimu, tarakimu hizi ni za nini?" Nikamtajia majina yake ya vitabuni. "Hayo nimeyasikia, Mwalimu. Nauliza zinafanya nini." Nikanyamaza.

Jibu limekuwapo tangu mwaka 1922, Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, alipochapisha uchambuzi wa uendeshaji wa meli baada ya kuwatazama washika usukani. Mshika usukani hodari hatazami tu chombo kimepotoka kiasi gani. Hutazama pia kinageuka kwa kasi gani, ili aurudishe usukani kabla hakijapitiliza. Tena huukumbuka upepo unaokisukuma upande mmoja bila kukoma, akauegemeza usukani kidogo daima. Nahodha wa jahazi la Lamu hahitaji kuelezwa haya. Basi tarakimu ya kwanza hutazama ukubwa wa kosa, ya pili kasi ya kubadilika kwake, na ya tatu hulimbikiza kosa dogo lisilotaka kwisha. Hizo mbili za mwisho ndizo kalkulasi yenyewe, niliyoifundisha miaka mingi kwa chaki bila kumwonyesha mtu inasogeza nini.

Tulianza upya, kikatio kikiwa kimetolewa. Tarakimu mbili tulizifanya sufuri, ile ya kwanza tukaipandisha polepole mpaka meza ikaanza kutetemeka, tukarudi nyuma kidogo. Ya pili ikaituliza. Ya tatu tukaitia kwa uchache, kwani ikizidi, meza hukipita kituo chake. Programu ya LinuxCNC, ambayo asili yake ni kazi ya taasisi ya NIST ya Marekani na ambayo hupatikana bila malipo, ilituchorea kosa hilo kwenye kioo, na wanafunzi wakaliona likinywea.

Hata hivyo, upande mmoja ulikataa kutulia. Wiki mbili nzima tulibadilisha tarakimu! Mwishowe mwanafunzi yule aliisukuma meza kwa mkono, nayo ikasogea ilhali skrubu haikuzunguka. Nati ilikuwa imelegea. Kifaa cha kuhesabu kimefungwa kwenye mota, hivyo hakikuweza kuuona ulegevu huo, na hapana tarakimu iwezayo kuutibu. Tuliikaza nati, na kazi ikaisha jioni ile ile.

Ndugu walimu, mwanafunzi anayekabidhiwa mashine ambayo muuzaji amekwisha kuipangia kila kitu, akakatazwa kuigusa, atayajua haya lini? Najua mtasema ni hatari. Ni kweli: nyaya za kuhesabia zikigeuzwa, mota hukimbia badala ya kujirekebisha. Ndiyo maana kitufe cha kuzimia kiwekwe karibu na mkono kabla ya jambo lingine lolote, na macho yakingwe kwa miwani. Lakini tarakimu waachiwe wenyewe wazitafute.

Juzi mwanafunzi wangu alichonga duara, akalipima kipenyo pande mbili kwa maikromita. Vipimo vilitofautiana kwa milimita 0.03. Hajaridhika, ameniomba ufunguo wa banda Jumamosi.