Kanali wa Njano

Mji wa Arua, Uganda, ulimjua mbunge wake, Kanali mstaafu Ibrahim Abiriga, kwa rangi moja. Suti ya njano, gari la njano: rangi ya chama tawala, NRM. Ilikuwa haki yake, kwani magwanda alikwisha kuyavua.

Aliye kazini hana ruhusa hiyo. Ibara ya 208 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza jeshi la UPDF kuegemea chama chochote. Ajabu ni kwamba jeshi lina wabunge 10. Mmoja wao, Brigedia Henry Tumukunde, alilazimishwa kuacha kiti mwaka 2005 baada ya kupinga kufutwa kwa ukomo wa urais. Kutoegemea huko kuna upande.

Abiriga aliuawa kwa risasi Juni 8, 2018. Agosti, kiti chake cha Arua kilichukuliwa na Kassiano Wadri, mgombea huru aliyeungwa mkono na wapinzani, akiwa kizuizini.