Mkonge wa Mapambo: Tuchague Mahali Kabla ya Kushika Jembe

Mgeni afikapo katika kambi ya jeshi au kituo cha polisi, macho yake huuona ua wa mbele kabla hajaonana na mlinzi wa zamu. Akikuta nyasi zimefyekwa na mawe yamepakwa chokaa kwa safu, hutambua mara moja kwamba hapo pana watu wenye nidhamu. Katika nyua nyingi za namna hiyo umo mkonge wa mapambo, mmea wenye majani manene yaliyochongoka kama singe. Leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu askari, juu ya mmea huo. Kuutunza si taabu. Taabu huja pale unapopandwa mahali pasipofaa.

Mkonge wa mapambo ni ndugu wa mkonge utoao katani, na asili ya jamii yao ni Meksiko na nchi zilizo jirani nayo. Mwaka 1753 bingwa wa elimu ya mimea wa Sweden, Linnaeus, aliipa jamii hiyo jina la Agave, lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kitukufu. Mkonge wa katani uliletwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Katika miche aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika, nayo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya huko.

Ugumu huo wa kufa una sababu yake. Majani ya mkonge ni ghala la maji. Tena, vitundu vyake vya kupumulia hufungwa wakati wa jua kali na kufunguliwa usiku penye ubaridi, hata maji yasipotee bure. Ndiyo maana mmea huu hustahimili ukame ambao huua maua mengine mengi ya bustani.

Ziko aina nyingi, lakini tutataja tatu. Ya kwanza ni ile kubwa yenye majani ya rangi ya kijivu, au yenye kingo za manjano. Mmoja waweza kutanuka mita 3 na zaidi. Ya pili ni ndogo kuliko hiyo, ina majani membamba yenye kingo nyeupe, na ncha zake ni kali sana. Ya tatu haina miiba kabisa. Majani yake ni laini, na ua lake hujipinda likainama kama mkia mnene.

Tofauti hiyo ya miiba si jambo dogo. Tumewahi kufika katika kituo kimoja ambako mikonge mikubwa ilikuwa imepandwa kwa safu kandokando ya njia iendayo kwenye bomba la maji. Aliyeipanda alikuwa amekwisha hamishwa miaka mingi, na alipoipanda bila shaka kila mche ulikuwa hauzidi ndoo kwa ukubwa. Tulipofika, majani yalikuwa yamekwisha ingia njiani. Siku hiyo binti wa askari mmoja, aliyekuwa akirudi na dumu la maji, alichomwa chini ya jicho. Lau mwiba ungalipanda upana wa kidole kimoja tu, angalipoteza jicho hilo. Kesho yake askari wanane walishinda na sururu na majembe wakiing'oa mikonge hiyo. Majuto ni mjukuu.

Basi, yafaa kabla ya kuchimba shimo tuupime mmea kwa ukubwa utakaoufikia, wala si kwa udogo ulio nao siku ya kupandwa. Mkonge mkubwa uwekwe katikati ya mzunguko wa barabara ya ndani au kwenye uwanja mpana, mita 3 au zaidi kutoka njia yoyote. Ule wenye ncha kali wafaa chini ya madirisha ya ghala, ambako mwizi ataufikiria mara mbili. Karibu na nyumba za askari, shule na zahanati, upandwe ule usio na miiba.

Kupanda kwenyewe ni rahisi. Yachukuliwe machipukizi yaotayo chini ya mkonge mkubwa, yakatwe kwa kisu kikali, kisha yawekwe kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Katika sehemu zenye mvua nyingi litengenezwe tuta la udongo uliochanganywa na mchanga na kokoto, kwa kuwa adui mkubwa wa mmea huu ni maji yanayotuama. Mche usizikwe kwa kina, wala usipandwe pale yamwagikapo maji ya paa.

Anayekata majani avae glavu na mikono mirefu, akinge na macho, maana utomvu wake huwasha ngozi vikali. Mwenye watoto aweza kukata ncha za miiba bila kuudhuru mmea. Mkonge ukinyauka ghafula na kulegea katikati, huenda umeingiwa na fukusi mweusi mwenye mdomo mrefu, ambaye watoto wake hula kiini. Mmea wa namna hiyo ung'olewe ukateketezwe kabla haujaambukiza mingine.

Mkonge mkubwa huchanua mara moja tu katika maisha yake, aghalabu baada ya miaka 10 hadi 30. Hutoa mti mrefu kama mlingoti wa bendera, wenye urefu wa mita 6 au zaidi, kisha mmea huo hufa na kuwaachia nafasi machipukizi yake. Ninyi mwajua kuliko wengine kwamba askari hakai mahali pamoja miaka 30. Apandaye mkonge leo atakuwa amekwisha hamishwa mara nyingi, na watakaouona ukichanua, au watakaochomwa na miiba yake, ni watoto wa askari asiyemjua. Kwa hiyo, siku ya kukabidhi kituo kwa mwenzako, usisahau kumwonyesha na bustani: ipi mikonge ina miiba, ilipandwa mwaka gani, na itatanuka mpaka wapi.