Mapenzi Yakiisha na Cheti Hakuna

Handeni na Korogwe zimejaa nyumba ambazo cheti cha ndoa hakijawahi kuingia. Mwanamume hupanga chumba Mombo au Chanika, mwanamke huja na vyombo vyake, mtoto huzaliwa, na majirani hawachelewi kuwaita baba fulani na mama fulani. Mahari huahidiwa baada ya mavuno, na mavuno hayo yanaweza kuchukua miaka kumi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haikuwafumbia macho watu hawa. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, itadhaniwa wameoana kihalali. Dhana hiyo hupingika. Bwana anaweza kuonyesha, kwa mfano, kwamba muda wote alikuwa na mke mwingine wa ndoa ya mke mmoja. Hata hivyo, mwanamke bado anaweza kudai matunzo yake na ya watoto. Katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililoripotiwa 1994, Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi: nyumba iliyopatikana wawili wakiishi pamoja inaweza kugawanywa, hata kama dhana ya ndoa imeanguka.

Hapo mwenye nyumba, balozi na shangazi aliyepeleka posa huwa mashahidi wenye uzito. Swali la hakimu ni la jana: mliishije?

Afisa wa viza huuliza jambo jingine.

Tuseme binti wa Korogwe amemfuata mpenzi wake Australia. Nchi hiyo huwapa viza hata wenza wasiofunga ndoa, na kwa kawaida hutaka wawe wameishi kinyumba angalau miezi 12 kabla ya kuomba. Hupimwa fedha zao, shughuli za nyumbani, jinsi ndugu na marafiki wanavyowajua, na dhamira waliyonayo. Viza ya kwanza ni ya muda. Ya kudumu huanza kuangaliwa takriban miaka miwili tangu ombi lilipopelekwa. Wakiachana katikati, wanapaswa kuiarifu idara ya uhamiaji, na mara nyingi ombi hukataliwa. Hata kama waliishi pamoja miaka saba na picha za sherehe zimejaa kabati, kinachotazamwa ni kama uhusiano upo leo.

Milango michache huachwa wazi: mwenza akifariki, mwombaji au mtoto akifanyiwa ukatili wa kifamilia, au kukiwa na mtoto ambaye wote wawili wana wajibu kwake. Ndiyo maana mwenza anayepigwa hana sababu ya kuvumilia kwa hofu ya kurudishwa kwao, ingawa hofu hiyo ndiyo silaha ya kwanza ya mpigaji.

Ajabu ni kwamba Australia hiyohiyo, kwenye mgawanyo wa mali, huhukumu karibu kama Korogwe. Tangu 2009, sheria yake ya familia huwaruhusu walioishi kinyumba miaka miwili, au waliozaa pamoja, kudai mgao wa mali katika sehemu kubwa ya nchi. Aliyenyimwa viza anaweza bado kuwa na haki kwenye nyumba aliyochangia kuilipia, mradi afungue dai lake ndani ya miaka miwili tangu waachane.