Jinsi mimu na hamu ya zamani zinavyoamua mapokezi ya mashujaa wa filamu

Katika safu hii tumezoea kujadili methali, misimu na istilahi. Leo nataka tuangazie usemi mwingine ambao vijana wetu huutumia kutwa kucha: mimu. Hoja yangu ni kwamba mimu, ikishirikiana na hamu ya zamani, huchangia pakubwa jinsi hadhira inavyompokea mwigizaji anayerejelea nafasi ya shujaa aliyoiacha miaka mingi nyuma. Mara nyingi uamuzi huo hupitishwa hata kabla ya filamu kutazamwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Istilahi mimu iliasisiwa na Richard Dawkins mwaka 1976 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichoigwa. Alilenga wazo au tabia inayosambaa kwa kuigwa. Siku hizi tunamaanisha picha au kipande cha video kilichong'olewa katika muktadha wake, kikapachikwa maneno mapya na kurushwa mtandaoni. Nayo nostaljia, ambayo hapa naiita hamu ya zamani, iliundwa na tabibu Johannes Hofer mwaka 1688 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurejea nyumbani na maumivu. Kwake ulikuwa ugonjwa wa walio mbali na kwao. Kwetu imekuwa kiu ya wakati usioweza kurudi.

Chukua mfano wa Tobey Maguire, aliyeigiza Spider-Man katika filamu tatu za Sam Raimi: 2002, 2004 na 2007. Ile ya tatu ilikejeliwa mno, hasa onyesho ambapo Peter Parker, nywele zimemwangukia usoni, anatembea barabarani akijitingisha na kuwanyooshea wanawake vidole kwa madaha. Watazamaji wakasema, jamani, huyu si shujaa, ni kituko! Miaka iliposonga, onyesho lilo hilo likakatwakatwa, likabadilishiwa muziki na kupachikwa katika filamu zisizolihusu kamwe. Kejeli ikawa utani, utani ukawa mapenzi. Maguire aliporejea katika Spider-Man: No Way Home, Desemba 2021, hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2002 walimshangilia kama mjomba aliyerudi kutoka safari ya mbali.

Wanaisimu na wahakiki watatambua hapa dhana ya mwingilianomatini iliyoasisiwa na Julia Kristeva: matini moja huishi ndani ya nyingine. Filamu hiyo hata iliigiza mimu maarufu ya Spider-Man wanaonyoosheana vidole, iliyotokana na katuni ya mwaka 1967. Yaani mimu ilizaliwa na katuni, ikalelewa na mashabiki, kisha ikarudi kwenye skrini kubwa.

Mimu haiko mbali na jina la kanga. Maneno ya kanga ni yale yale, lakini maana hutegemea nani kaivaa, wapi, na mbele ya nani. Ndivyo picha moja ya Maguire inavyoweza kumdhihaki mtu leo na kumsifu kesho.

Hata hivyo, si kila anayerejea hubebwa na kicheko. Andrew Garfield alicheza Spider-Man mwaka 2012 na 2014, kisha filamu yake ya tatu ikafutwa. Hamu aliyoiamsha ilikuwa ya hadithi iliyokatizwa. Ndiyo maana alipomdaka MJ akianguka, ilhali alikuwa ameshindwa kumwokoa Gwen wake, wengi walilengwalengwa na machozi.

Linganisha na Michael Keaton. Alikuwa Batman mwaka 1989 na 1992, akarejea katika The Flash mwaka 2023. Filamu ikaambulia patupu sokoni. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja naiona wazi: Batman wake alikuwa kumbukumbu ya wazazi, hakuwa sehemu ya mazungumzo ya kila siku ya vijana. Hamu ya zamani hairithiwi hivi hivi. Huhitaji chombo cha kuisafirisha, na leo chombo hicho ni mimu.

Kuna hatari gani basi? Kwanza, kicheko huweza kuchukua nafasi ya uhakiki. Spider-Man 3 haikubadilika hata fremu moja tangu 2007. Tuliobadilika ni sisi. Pili, kampuni za filamu zimeing'amua siri hii. Hugh Jackman, ambaye Wolverine wake alizikwa katika Logan mwaka 2017, alirudishwa mwaka 2024 akiwa na vazi la manjano ambalo mashabiki walililia kwa miaka, na filamu ikavuna zaidi ya dola bilioni moja. Enyewe biashara ni biashara, ila tunauziwa utoto wetu wenyewe kwa bei ya tiketi. Mwigizaji chipukizi atapata wapi nafasi iwapo kila kiti kimewekewa mkongwe?

Simaanishi tuache kucheka, la hasha. Walimu wa fasihi waziingize mimu darasani, wawaulize wanafunzi: picha hii imetoka wapi, nani kaibadilisha maana, na ninachokishangilia ni kazi hii au ni kumbukumbu yangu? Anayeweza kujibu maswali hayo ameshaanza kuhakiki.